Picha Nyeusi na Nyeupe Mbele ya Waamuzi

Mhadhara uliotolewa Kisangani mbele ya wapiga picha, wanafunzi na wazee wa mji



Nimeombwa kusema juu ya picha nyeusi na nyeupe, na juu ya mashindano ambamo watu wapigao picha kwa mapenzi, wala si kwa ujira, hupeleka kazi zao zihukumiwe na watu wasiowajua. Mambo haya mawili aghalabu husemwa mbalimbali, la kwanza likiachiwa mafundi na la pili wapenda sifa. Lakini mimi nayaona kuwa ni jambo moja, kwa sababu apigaye picha isiyo na rangi hana budi kuamua, kwa kila kitu kilicho mbele ya lenzi yake, kitakuwa kijivu cha kadiri gani, na aketiye kuamua shindano hana kingine cha kukitazama ila maamuzi hayo. Na uamuzi ulio mgumu kuliko mingine yote kwetu sisi watu wa Kisangani, nao ndio uliopuuzwa kuliko mingine yote, ni ule wa ngozi zetu wenyewe.

Mji huu ulipigwa picha sana kabla wenyeji wake hawajawa na kamera. Herbert Lang, mtumishi wa jumba la makumbusho ya viumbe la New York, alifika hapa mwaka 1909, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Stanleyville, akifuatana na kijana James Chapin. Wakaingia katika misitu na mbuga za kaskazini-mashariki, na hadi safari ile ilipokwisha mwaka 1915 Lang alikuwa amepiga picha zaidi ya 9,000, za wanyama, za mafundi wa pembe na chuma, za watawala wa Kimangbetu na wake zao. Kabla yake, Mei 1904, huko Baringa, mmisionari wa Kiingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja, Nsala, ameketi barazani, akitazama mkono na mguu wa binti yake, ambavyo ndivyo vilivyosalia baada ya walinzi wa kampuni ya mpira kumwua mtoto yule. Picha hiyo ikazungushwa Uingereza na Marekani kwa taa ya kuonyeshea ukutani, naye Mark Twain, katika kijitabu alichokitoa mwaka 1905, akamfanya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ailaani kamera ya Kodak kuwa ndiye shahidi pekee asiyehongeka.

Kisha ikaja Novemba 1964. Don McCullin, kijana wa London, aliingia katika mji huu pamoja na askari wa kukodiwa, baada ya kujifanya mmoja wao ili apate nafasi katika ndege, akapiga picha za vijana waliokamatwa kwa kushukiwa kuwa wafuasi wa Lumumba, wakiteswa na wanajeshi kabla ya kuuawa. Wazee mliopo hapa hamhitaji kusimuliwa siku zile. Na mwaka ule ule alikuwa amepiga huko Kupro picha ya mwanamke wa Kituruki akimlilia mumewe, nayo ndiyo iliyopewa tuzo kuu ya World Press Photo, shindano lililoanzishwa Uholanzi mwaka 1955. Kilio cha Kupro kilikwenda mbele ya waamuzi kikapata heshima yake. Vijana wa Stanleyville wakabaki kurasani bila majina.

Huu ndio urithi wetu katika fani hii, tupende tusipende, nao wote hauna rangi. Mtu akisema leo kwamba picha nyeusi na nyeupe inamvutia kwa sababu ina ukweli, ajue kwamba imani hiyo ilijengwa, kwa sehemu si ndogo, juu ya miili ya watu wa nchi hii. Lakini ukweli huo una kasoro moja ya kikemia ambayo yafaa tuitazame kwa utulivu, kabla hatujaanza kuiga.

Katika picha nyingi za zamani za Kongo nyuso za watu ni nyeusi tititi, macho na meno tu ndiyo yanayoonekana, na msomaji wa gazeti la Ulaya aliyeziona alidhani kwamba ndivyo watu wa huku walivyo. Sababu kubwa ilikuwa ile dawa iliyopakwa juu ya kioo. Sahani za kawaida za karne ya 19 zilihisi nuru ya buluu na zambarau tu; mwaka 1873 Hermann Vogel, mwalimu wa Berlin, aligundua kwamba zikitiwa rangi fulani huweza kuhisi kijani pia, na ilikuwa mwaka 1906 ndipo kampuni ya Wratten & Wainwright ya Uingereza ilipoanza kuuza sahani zihisizo hadi nyekundu, nazo zilichukua miaka mingi kuenea. Sasa ngozi ya kahawia, katika nuru inayoirudisha, sehemu kubwa ni ile ya upande wa nyekundu na manjano. Mbele ya sahani isiyoona nyekundu, ngozi hiyo ilikuwa kama haikumulikwa kabisa. Udongo mwekundu wa barabara zetu nao ulitoka mweusi kama lami, mahali ambapo lami yenyewe haijafika mpaka leo, ilhali mbingu, kwa kuwa ni ya buluu, ilitoka nyeupe tupu isiyo hata na wingu moja. Haya nayasema kwa sababu wapo vijana wenye kamera za kisasa kabisa ambao huvuta weusi wa picha zao chini hadi uso wa mama mzee usibakiwe na shavu wala kipaji, wakidhani ndio usanii. Na wanachokiiga, maskini, ni upofu wa sahani iliyokwisha tupwa.

Filamu za siku hizi na kamera za dijitali huona nyekundu sawasawa. Upotofu umehamia mahali pengine, nao unakaa katika kipima nuru. Chombo hiki hakijui kinatazama nini. Kimefundishwa kudhani kwamba dunia, ukiichanganya yote, hurudisha takriban asilimia 18 ya nuru inayoiangukia, na kila unachokielekezea hukivuta kifike katika kijivu hicho cha katikati. Nendeni kwenye maporomoko ya Wagenia alfajiri mkajionee. Mvuvi amepanda juu ya miti iliyosimikwa katika miamba ya maporomoko na kufungwa kwa kamba za msituni. Vidole vya miguu vimeshika gogo lililolowa, mkono mmoja umekumbatia mti, wa pili unavuta kamba ya mgono ulioning'inia majini, na nyuma yake mto mzima umekuwa povu. Kamera yako, ikiona weupe mwingi kiasi kile, hujihadhari na kufunga nuru, na mvuvi anatoka kama karatasi nyeusi iliyokatwa kwa mkasi. Kisha mfuate kibandani, umpige picha uso tu, ukijaa fremu nzima, kivulini: sasa kamera inaona weusi mwingi, inafungua nuru, na uso unatoka wa majivu, kama wa mtu aliyeamka na homa. Mtu ni yule yule, asubuhi ni ile ile, na mara zote mbili chombo kimekudanganya, kila mara kwa upande wake.

Ansel Adams na Fred Archer, walimu wawili wa Kimarekani, mnamo mwaka 1940 walitunga kanuni ya kupanga vijivu katika madaraja kumi na moja, kuanzia sifuri ambayo ni weusi usio na kitu hadi 10 ambayo ni weupe wa karatasi, kila daraja likiwa na nuru mara mbili ya lile lililo chini yake. Wao waliweka uso wa Mzungu katika daraja la 6, kwa kuwa ndio nyuso walizokuwa nazo, wala siwalaumu. Sisi hatuna budi kuyapanga upya: aliye maji ya kunde hukaa vema baina ya la 5 na la 6, mweusi wa kawaida katika la 5, na mweusi sana, yule ambaye wasichana wa Mangobo humsifu kwa weusi wake, katika la 4. Chini ya hapo ngozi inakuwa kivuli, na kivuli hakina tabia. Njia nyepesi ya kupima ni kiganja. Viganja vya watu, weusi kwa weupe, havitofautiani sana kwa nuru viirudishayo. Basi kiweke kiganja chako katika nuru ile ile inayomwangukia mvuvi, kipime, kisha ongeza hatua moja juu ya kile kilichosomwa, uifunge kamera isibadili tena. Povu litajitafutia mahali pake.

Litajitafutia, lakini kwa sharti la saa. Mji wetu uko nusu digrii tu kaskazini ya Ikweta, na jua letu halina mazoea ya kuzungukazunguka pembeni kama la Ulaya. Huchomoza muda mfupi baada ya saa kumi na mbili, mwaka mzima, likapanda wima kama mkwezi wa mnazi, na kufikia saa nne limekwisha kuwa juu sana, macho ya watu yakiwa mashimo mawili ya giza na pua ikiwa na doa jeupe. Baina ya jua kuchomoza na saa moja unusu, au jioni katika muda kama huo, ndipo tofauti ya povu na ngozi inapoingia yote katika filamu. Anayelala hadi saa tatu asishindane.

Kuna jambo jingine la ngozi ambalo vitabu vingi vimelikosa kwa sababu vimeandikwa kwa nyuso nyingine. Uso mweupe huchorwa kwa vivuli. Uso mweusi huchorwa kwa mng'ao. Mviringo wa shavu la mtu mweusi, mfupa wa kipaji, ukingo wa mdomo, huonekana kwa ile nuru inayoteleza juu ya ngozi na kurudi, na ukiuondoa mng'ao huo kwa poda, au kwa nuru ndogo kali inayopiga doa moja tu, umeliondoa umbo. Inatakiwa nuru pana: mlango ulio wazi, ukuta uliopakwa chokaa upande wa pili wa njia, shuka jeupe limeshikwa na mdogo wako, au mto wenyewe, ambao saa za jioni ni kioo kirefu kisicholipiwa kodi. Seydou Keïta wa Bamako alilijua hili bila kufundishwa. Tangu 1948 alikuwa akiwapiga watu picha uani kwake, katika nuru ya mchana, juu ya negativu kubwa za sentimita 13 kwa 18, kwa kawaida moja tu kwa kila mteja kwa kuwa filamu ni ghali, na ngozi za watu wake zina uhai ambao studio nyingi zenye taa sita hazikuufikia. Jean Depara wa Kinshasa, mzaliwa wa Angola, ambaye alimpiga picha sana mwanamuziki Franco na walevi wa mabaa ya usiku, alifanya kinyume: taa yake ilimpiga mtu usoni moja kwa moja, ghafla, na mng'ao wake ni wa jasho na nywele zilizopakwa mafuta. Nazipenda za wote wawili, ila anayeanza namshauri aanze na ua wa Keïta.

Rangi zilizokwisha kuondolewa hazijaondoka, zimebadilika kuwa uzito. Hapa Kisangani tunazo tatu zinazotawala: wekundu wa udongo na matofali, kijani cha mchikichi na msitu, na ile rangi ya chai ya maji ya mto. Ukizigeuza zote kwa namna moja, wekundu na kijani huweza kutoka vijivu viwili vinavyolingana kabisa, na picha iliyokuvutia kwa macho inakuwa uji. Watu wa filamu huweka kichujio mbele ya lenzi: cha nyekundu huang'arisha udongo na matofali na kuitia giza mbingu ya buluu, cha kijani huyainua majani na kuyatenganisha tabaka kwa tabaka. Wa dijitali hufanya hayo hayo katika programu, kwa kupandisha na kushusha kila rangi kabla haijawa kijivu. Lakini tahadharini, kwa maana kichujio chekundu huwapausha watu pia, ngozi zetu zikiwa na wekundu mwingi ndani yake, na hivyo apandishaye wekundu ili barabara ipendeze humchubua mwenye toleka anayeipita kwa baiskeli yake, bila ya mwenyewe kuomba.

Juu ya chumba cha giza sitakaa sana, kwa sababu wachache wanacho. Dawa za kusafishia picha zimepimwa kwa nyuzi 20, na maji ya mfereji hapa ni ya moto kuliko hayo. Katika joto la zaidi ya nyuzi 24 utando wa filamu huvimba, hulainika, na mara nyingine huambuka pembeni. Mafundi wa zamani walitia chumvi ya salfeti ya sodiamu katika dawa ili utando usinywe maji mengi, wakaukaza kwa shabu, wakafanya kazi usiku. Kwa lenzi adui ni ukungu, na lenzi iliyofungiwa katika mfuko wa ngozi msimu wa mvua huota kuvu kama mkate. Iacheni mahali penye hewa na mwanga.

Sasa tuje kwa waamuzi.

Shindano la wapenda picha si jambo la jana. Mwaka 1887 gazeti la London liitwalo Amateur Photographer, lililokuwa na umri wa miaka mitatu, lilitangaza shindano la picha za likizo, na mwamuzi, Peter Henry Emerson, akampa ushindi wa kwanza kijana wa miaka 23, Mmarekani aliyekuwa akisoma Berlin, kwa picha ya watoto wakicheka katika kijiji cha Italia. Kijana huyo alikuwa Alfred Stieglitz, ambaye baadaye alijitahidi kuliko mtu yeyote wa zama zake kuifanya Marekani iihesabu picha kuwa ni sanaa. Naam, zipo nishani zilizofungua milango. Zipo nyingi zaidi zilizofungua kabati la kioo sebuleni, na hilo nalo si dhambi.

Chombo kikubwa cha mashindano haya ulimwenguni ni shirikisho liitwalo FIAP, lililobuniwa na Mbelgiji, Dakta Maurice Van de Wijer, na kuundwa rasmi Uswisi mwaka 1950. Chini ya udhamini wake maonyesho mengi hufanywa kila mwaka katika nchi mbalimbali, na takriban yote yana fungu la picha za rangi moja. Sheria yake katika fungu hilo ni kali na nyepesi kukumbuka. Picha inayotoka kijivu cha giza kabisa hadi kijivu cheupe kabisa imo. Picha iliyotiwa rangi moja yote nzima, ya kahawia mathalani kama zile za babu zetu, nayo imo. Lakini ukiacha waridi moja jekundu katika picha ya kijivu, au ukitia rangi sehemu moja na sehemu nyingine usitie, picha yako ni ya rangi, na itatupwa hata ikiwa inaliza. Naona kila mwaka vijana wakiacha jekundu kitenge cha mama sokoni na kuyafifisha mengine yote. Mbali ya sheria, ni mapambo ya kadi za salamu.

Waamuzi kwa kawaida ni watatu, wameketi gizani mbele ya kioo kikubwa, na kila mmoja ana kitufe cha kutoa alama. Jina lako halionekani. Picha inakaa mbele yao sekunde chache, inatoka, inakuja nyingine, na hivyo hivyo kwa mamia na maelfu, tangu asubuhi. Tafakarini jambo hili kabla ya kulia kwamba mmeonewa. Katika sekunde zile macho huenda kwanza palipo peupe kuliko pote. Ikiwa peupe kuliko pote ni ndoo ya plastiki pembeni, basi umewaonyesha waamuzi ndoo. Kisha hutafuta umbo, kisha uso, na ndipo sekunde zinapokwisha. Picha ya kimya, yenye vijivu vinavyokaribiana, kama mtumbwi wa Lubunga katika ukungu wa saa kumi na mbili, ina kazi ngumu mbele ya mahakama ya namna hii, na mara nyingi hushindwa na picha ya makelele. Mimi nasema ipelekeni hata hivyo, katika nne ambazo kwa desturi mnaruhusiwa iwe mojawapo, kwa maana mwaka itakapopita mtajua kwamba ina nguvu kweli. Lakini msiikaze weusi wake ili ipite. Picha iliyopakwa giza ili ivutie macho ya mwamuzi aliyechoka hujulikana ikishatundikwa ukutani wiki moja.

Ada ya maonyesho hayo hulipwa kwa fedha za kigeni na kwa kadi ya benki, jambo ambalo kwa mwanafunzi wa hapa ni mlima. Liko shindano lisilo na ada, Wiki Loves Africa, lililoanza mwaka 2014, kila mara kwa maudhui maalumu, ambalo mwaka 2017 liliomba picha za watu wakiwa kazini. Ila sharti lake ni kwamba picha unaitoa kwa leseni huria, na mtu yeyote ataweza kuitumia, hata kwa biashara, mradi akutaje. Someni sharti hilo pamoja na mliyempiga picha, kwa sababu uso ni wake. Na jirani zetu wa Kampala walianzisha mwaka 2012 tuzo yao ya picha za habari, iliyowatoa gizani vijana wengi wa Uganda.

Ninalolichelea zaidi ya ada ni matarajio. Mwamuzi aliye mbali, akisoma kwamba picha imetoka Kongo, ana picha nyingine kichwani mwake kabla hajaiona yako: mtoto mwenye machozi, mwanajeshi, au mvuvi wa Wagenia juu ya miti yake. Picha ya mvuvi yule imekwisha pigwa mara zisizo na hesabu, tangu enzi za kadi za posta za Wabelgiji, na wavuvi wenyewe wamezoea kuwadai wageni kitu kidogo, nao wana haki. Siwakatazi kwenda, nimetoka kuwaelekeza saa. Nawakumbusha tu kwamba mtu yule ana shavu, na ana maoni, na mara nyingi ana mtoto aliyehitimu Chuo Kikuu cha Kisangani, ambaye siku ya mahafali, katika joho jeusi chini ya jua la saa sita, ni mtihani wa vijivu mgumu kuliko povu lolote: nguo nyeusi, uso mweusi, kola nyeupe, na kila kimoja kinataka daraja lake. Wapiga picha wa kutembea wa mji huu huumaliza mtihani huo kila mwaka kwa watu mia, mteja akiwa amesimama na kuhimiza, wala sijamwona hata mmoja wao akipeleka picha hizo popote.

Mkongo mmoja aliyewajibu wale wapiga picha wa zamani kwa lugha yao wenyewe ni Sammy Baloji wa Lubumbashi. Katika mfululizo wake wa mwaka 2006, uitwao Mémoire, aliwatoa wafanyakazi katika picha nyeusi na nyeupe za nyaraka za kikoloni, akawasimamisha mbele ya magofu ya viwanda vya kampuni ya madini ya Gécamines aliyoyapiga mwenyewe kwa rangi, na mwaka 2007 kazi hiyo ikapata tuzo katika maonyesho makubwa ya Bamako. Kwa sheria niliyowasomea sasa hivi ingefukuzwa mlangoni kwenye fungu la rangi moja. Sheria ni ya shindano. Haikutungwa kupima sanaa yote, na anayelielewa hilo hushindana kwa moyo mwepesi.

Tena imetokea mwaka 2023 kwamba Mjerumani Boris Eldagsen alipeleka katika Sony World Photography Awards picha ya wanawake wawili, iliyofifia kama ya miaka ya 1940, ikashinda katika fungu lake. Naye akaikataa tuzo, akieleza kwamba picha ile ilitengenezwa na mashine ya akili bandia, na kwamba alitaka kuona kama waandaaji wako tayari kwa jambo hilo. Angalieni alivyochagua vazi la udanganyifu wake: aliuvika ukale na kutokuwa na rangi, kwa kuwa alijua kwamba tunaiamini picha ya namna hiyo kabla hatujaitazama. Ni imani ile ile iliyomfanya Leopold wa Mark Twain alaani kamera. Kwa hiyo tunzeni negativu zenu, na wenye dijitali tunzeni faili ghafi kama ilivyotoka katika kamera, kwani mashindano mengi sasa huidai kabla ya kutoa tuzo. Wanaotumia simu wazime vile vipambo vinavyolainisha na kuzipausha nyuso bila kuulizwa, wabonyeze kidole juu ya shavu la mtu hadi kipimo kifungwe, na washushe nuru kidogo. Simu itaitii ngozi ikiamriwa.

Mwisho nina pendekezo, nalo linawahusu wazee waliopo zaidi ya vijana. Tufanye shindano letu hapa mjini, la picha nyeusi na nyeupe tu, zilizochapwa katika karatasi na kutundikwa ukutani mahali watu wanapopita, zisizo na majina, zikae hapo siku kadhaa kabla ya hukumu, ili zile za kimya zipate nafasi yake. Kila mwamuzi aseme kwa sauti, mbele ya watu, kwa nini ameipa picha alama ile, na vijana waruhusiwe kumbishia kwa adabu. Maudhui ya mwaka wa kwanza yawe uso wa mtu mmoja, aliyetajwa jina lake, na aliyeiona picha hiyo akairidhia kabla haijatundikwa. Na katika viti vitatu vya uamuzi kimoja apewe mtu asiyejua lolote la kamera, mvuvi, fundi cherehani au mwenye toleka, aliyewahi kupigwa picha na kulipia. Huyo ndiye atakayeuliza, kabla ya lolote la ufundi, mbona mmemfanya mtu huyu awe wa majivu.